Kofia ya Pili Iko Wapi?

*Umemnunulia simu, umemnunulia marashi, siku yake ya kuzaliwa hujawahi kuisahau. Lakini kila asubuhi unampakia kichwa wazi. Mhariri wako ana swali moja tu.*

Wewe na mwenza wako mnapenda mchezo wa kubashiri? Basi jaribuni huu. Saa kumi na moja na nusu jioni, ofisi zimefungwa na watu wanarudi makwao, simameni kando ya barabara yoyote hapa Ufukoni mhesabu pikipiki zinazopita na watu wawili. Halafu hesabuni kofia ngumu. Mkipata pikipiki kumi zenye kofia ishirini, njooni ofisini kwetu, soda juu yangu.

Mtakachokiona ni hiki. Dereva mara nyingi anayo kofia, hata kama imechubuka, hata kama kamba inaning'inia. Anamwogopa trafiki, au anajali kichwa chake. Nyuma yake yuko mtu. Amemshika kiuno, ameegemeza shavu mgongoni, nywele zinapepea. Wakati mwingine ni mke, wakati mwingine mchumba, wakati mwingine ni yule ambaye bado hamjaamua mmwite nani. Huyo hana kitu kichwani.

Msomaji wangu, mapenzi ni mazuri, na pikipiki ni tamu. Mimi mwenyewe ni abiria wa kudumu: mume wangu ana usukani, mimi nina siti ya nyuma. Kwa hiyo makala haya hayakuandikwa na mtu wa kwenye gari lenye kiyoyozi anayewahurumia watu wa pikipiki. Tuko pamoja humo humo vumbini.

Usafiri wetu wa wawili

Tuseme ukweli, kwa vijana wengi wa Mtwara pikipiki ndiyo chombo cha kwanza cha familia, kabla ya gari na wakati mwingine kabla ya kitanda cha maana. Inakupeleka kazini, inampeleka bibie sokoni, na Jumapili inawapeleka wote wawili Shangani kupunga upepo, au Mikindani, kilomita kama 10, kutazama mitumbwi. Ukiwa na moyo unafika hadi Msimbati. Hela za korosho zikitoka, unaona pikipiki mpya za namba za MC zikiingia mitaani bado zina nailoni kwenye siti.

Jina lenyewe la bodaboda lilianzia kwenye baiskeli za Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, zilipokuwa zinavusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Hapa kwetu pikipiki za abiria zilitambuliwa rasmi kwa kanuni za mwaka 2010, enzi za SUMATRA, ambayo tangu mwaka 2019 nafasi yake imechukuliwa na LATRA. Kanuni zile zilitaka mambo mawili ambayo kila kijiwe kinayajua kwa moyo na kuyasahau kwa vitendo: abiria awe mmoja, na kofia ziwe mbili. Habari ya mshikaki, yaani watu watatu wanne juu ya siti moja, haikuwamo.

Pikipiki ya mtu binafsi je? Hapo ndipo kofia ya pili inapopotea kabisa. Mwenye boda angalau anaogopa kukamatwa. Mume anayempeleka mkewe kazini anajiona yuko nyumbani tu, sebule yake imeota magurudumu.

Sababu tano ninazozisikia kila siku

Nimewauliza marafiki, majirani na wenzangu ofisini kwa nini anayekaa nyuma havai kofia. Majibu yao yanafanana, na nadhani hata wewe una lako humu.

*"Nywele zangu."* Hii naielewa. Umekaa kwa msusi saa nne, umelipa, halafu ubandike ndoo kichwani? Dawa yake ni rahisi: kitambaa laini cha satini au hariri, funga kichwa kwanza, kofia ifuate. Ukifika, vua vyote, jitazame kwenye kioo cha pikipiki, ingia kazini. Rasta ndefu zishushe shingoni uzibane, usizifungie utosini, maana kofia haitakaa.

*"Zinanuka jasho."* Kofia ya boda iliyovaliwa na vichwa thelathini kwa siku, sikulaumu. Hicho hicho kitambaa kinakusaidia. Lakini kofia ya nyumbani kwenu inanukaje, wakati anayeivaa ni wewe tu? Zile zenye kitambaa cha ndani kinachotoka, kifue, kianike kivulini, kwisha.

*"Joto la Mtwara."* Joto lipo, hatubishani. Nunua yenye matundu ya hewa na kioo kinachofunguka. Pikipiki ikishaondoka, upepo utaingia.

*"Tunaenda hapa hapa tu."* Wanaosema hivi ndio wengi. Kwani lami ya karibu na nyumbani ni laini kuliko ya mbali? Safari zetu nyingi ni za hapa hapa, kwa hiyo na kuanguka kwetu kwingi kutakuwa hapa hapa.

*"Ananiendesha vizuri, namwamini."* Mwamini, dada yangu, ni mumeo. Lakini yule mwenye lori humjui, yule mbuzi humjui, na yule kijana anayetoka uchochoroni huku anachati, naye humjui.

Hesabu za mnazi

Sasa tuache utani kidogo, tupige hesabu za sekondari. Pikipiki ikiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho kwenye makazi ya watu, halafu ikagonga kitu kikaisimamisha ghafla, kishindo unachokipata ni sawa na cha mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita 10. Yaani mnazi. Siyo ule mfupi wa kisasa, mnazi wa babu. Ongeza mwendo ufike kilomita 80, kimo kinakuwa mita 25. Huo si mnazi tena, ni mnara wa simu.

Na kusimama nako kuna hesabu zake. Ukiwa kwenye 50, tangu jicho lione hatari, mkono ushike breki, hadi gurudumu litulie, umeshakula mita kama 30 za lami kavu. Kwenye 80 unakula zaidi ya mita 60, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Weka mtu nyuma, weka mvua, weka mchanga, uwanja unazidi kuliwa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilihesabu vifo milioni 1.19 vya barabarani duniani kwa mwaka. Kama mmoja kati ya kila watano ni mtu wa chombo cha magurudumu mawili au matatu. Na kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, barabara ndiyo inayoongoza kwa kuua. Siyo malaria, siyo Ukimwi. Ni barabara.

Habari njema ni kwamba dawa ipo, na inauzwa dukani. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa ajali inapotokea kwa asilimia 42, na uwezekano wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mnyooshee kidole kitu kingine chochote cha bei hiyo kinachofanya kazi hiyo.

Kofia yenyewe ina historia yake. Mei 1935, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyejulikana kama Lawrence wa Arabuni, alikuwa anaendesha pikipiki yake kijijini Dorset, kichwa wazi. Akawakwepa vijana wawili wa baiskeli, akaanguka, akafa siku sita baadaye. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtibu alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia. Kifo kile kilimkaa moyoni. Akaanza kuchunguza majeraha ya waendesha pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha matokeo: kofia inaokoa. Jeshi la Uingereza likalazimisha wapeleka barua wake wazivae. Raia wa kawaida wa Uingereza walilazimishwa mwaka 1973.

Kama unaona Uingereza ni mbali na maisha yetu, tazama Vietnam, nchi ambayo watu wake wanaishi juu ya pikipiki kama sisi. Kuanzia tarehe 15 Desemba 2007 serikali ilitaka kila kichwa juu ya pikipiki, cha mbele na cha nyuma, kivae kofia kwenye kila barabara. Watu walivaa karibu wote, zaidi ya tisini katika mia. Katika hospitali zilizofuatiliwa, hatari ya kuumia kichwa kwa majeruhi wa barabarani ilishuka kwa asilimia 16, na ya kufa kwa asilimia 18, ndani ya miezi michache tu. Lakini kulikuwa na kichwa kimoja kilichosahaulika: cha mtoto. Sheria ya mwanzo haikuwabana wazazi, na uvumi ukaenea kwamba kofia inaumiza shingo ya mtoto, jambo ambalo madaktari walilikanusha. Kwa hiyo ukawa unaona baba ana kofia, mama ana kofia, na katikati yao mtoto hana kitu. Hapo ni wazi kwamba hata wenzetu waliofaulu, anayeachwa nyuma huwa ni yule asiyeshika usukani.

Kofia ilikuwa moja

Nina rafiki ambaye sitamtaja jina. Alikuwa na mchumba, kaka mpole, dereva mzuri, hanywi, hakimbizi. Jumapili moja ya Desemba walikuwa wanarudi kutoka Mikindani. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imepiga mchana, na maji yalikuwa yameburuta mchanga kutoka njia ya pembeni hadi kwenye lami. Hawakuwa kasi. Walioshuhudia wanasema labda kilomita 40. Gurudumu la mbele likateleza kwenye ule mchanga, chombo kikalala.

Kaka akainuka, akajipangusa. Kofia yake ilikuwa na mchubuko mrefu upande wa sikio. Rafiki yangu hakuinuka.

Alipona. Namshukuru Mungu kila nikimwona. Lakini alikaa wodini wiki nyingi, harusi ikaahirishwa, na kazi yake ya kuhesabu fedha alishindwa kuirudia, maana tarakimu zinamtoroka na kichwa kinamgonga ikifika saa tisa alasiri. Siku ya kwanza wazazi wa pande zote walipokutana hospitali, mama yake hakupiga kelele. Alimwangalia tu yule kijana akamuuliza, "Baba, kofia ilikuwa moja. Nani aliivaa?"

Yule kaka alinieleza mwenyewe kwamba swali lile halijawahi kumtoka. Hakufanya kosa lolote ambalo wengi wetu hatulifanyi. Alivaa kofia yake, kama kila mtu.

Waliishia kuoana, mwaka mmoja na nusu baadaye. Wanapendana. Kuna jioni bibie anamuuliza mumewe swali lile lile mara tatu, na kaka anajibu mara zote tatu kama vile ni la kwanza. Hiyo ndiyo ndoa yao sasa. Naisimulia kwa ruhusa yao, kwa sababu wao ndio walioniambia niandike.

Barabara zetu zina tabia zake

Ushauri wa barabara za Dar hautoshi huku. Mtu wa Ufukoni ana mambo yake ya kuangalia.

Mchanga. Uko kila mahali, na hatari zaidi ni ule ulioko pale lami inapokutana na njia ya vumbi. Punguza mwendo kabla hujaufikia, siyo ukiwa juu yake. Ukiwa ndani ya mchanga usikate usukani ghafla, usikamate breki ya mbele kwa nguvu, weka gia ndogo, macho mbele. Njia ya kwenda Msimbati na ule ufuko wake siyo mahali pa kujifunzia ukiwa umempakia mtu.

Mvua ya kwanza. Kwetu mvua huanza kati ya Novemba na Desemba baada ya miezi mingi ya kiangazi. Oili na vumbi vilivyojikusanya kwenye lami vinachanganyika na yale manyunyu ya mwanzo, barabara inakuwa kama imepakwa sabuni. Nusu saa ya kwanza, kama unaweza, subiri barazani unywe chai.

Malori. Msimu wa korosho, na siku zote kwa malori ya saruji na ya bandarini, barabara zetu zina wakubwa. Dereva wa lori haoni kila kitu. Kama wewe huoni kioo chake cha pembeni, ujue na yeye hakuoni. Usichomekee ubavuni mwake kwenye kona, na acha nafasi ya kutosha, maana upepo wake peke yake unayumbisha pikipiki yenye watu wawili.

Jua la jioni. Ukitoka mjini kwenda Mikindani jioni, jua linakupiga usoni. Kioo cha kofia kilichojaa michubuko kinageuka pazia. Kibadilishe. Na washa taa hata mchana, ili wengine waliopigwa na jua kama wewe wakuone.

Mabibo. Mnajua ninachotaka kusema. Msimu wa mabibo una uraka wake, na uraka una mtoto wake anaitwa nipa. Kunywa ni uamuzi wako, mimi si shehe wala padri. Ila ukishakunywa, ufunguo mpe mtu mwingine. Na wewe uliyekuja naye, usione haya kuukatalia mgongo wake. Piga simu boda unayemjua, au laleni kwa shangazi.

Sanaa ya kukaa nyuma

Watu wanadhani abiria ni mzigo tu. Hapana. Abiria mzuri anamsaidia dereva, na abiria mbaya anaweza kuwaangusha wote wawili. Haya ndiyo ninayoyafuata mimi:

1. Panda na ushuke kwa upande wa kushoto. Pikipiki nyingi ekzosi yake iko kulia, na kovu la ekzosi kwenye ndama wa mguu tunalijua wengi.

2. Kaa ukitazama mbele, mguu huku na mguu huku. Najua, mama mkwe anaona, na gauni nalo lina adabu zake. Vaa taiti au suruali ndani, kisha gauni lako au baibui lako juu, likusanye ulikalie. Kukaa upande kunayumbisha chombo, na breki ikishikwa ghafla huna cha kujizuia nacho.

3. Khanga, mtandio, mkanda wa pochi, vyote vikunje uvibane. Mnyororo na tairi la nyuma havijui kuachia nguo.

4. Miguu iwe kwenye vikanyagio muda wote, hata mkisimama.

5. Akilala kwenye kona, lala naye. Ukijivuta upande wa pili kwa woga unamnyima kona.

6. Simu iwe mfukoni. Umbea utaukuta ukifika.

7. Wekeaneni ishara. Sisi nyumbani kugonga bega mara moja maana yake "punguza", mara mbili "simama". Hakuna kubishana safarini. Ishara ikitolewa inatekelezwa, majadiliano baadaye.

Na wewe dereva, una yako. Kila asubuhi dakika mbili: tairi zisiwe kipara, upepo uongezwe kidogo ukibeba mtu kama mtengenezaji alivyoelekeza, breki zote mbili zifanye kazi, mnyororo usilegee, taa na indiketa ziwake. Jifunze kutumia breki ya mbele. Wengi wanaiogopa, wanategemea ya nyuma tu, wakati kwenye lami kavu ya mbele ndiyo inayosimamisha chombo kwa sehemu kubwa. Tumia zote mbili, kwa kubana polepole halafu kwa nguvu, siyo kukwapua. Na kaa nyuma ya wa mbele yako kwa umbali wa sekunde mbili. Ukipakia, fanya nne.

Kofia gani?

Helmeti, au "elementi" kama vijana wa kijiweni wanavyoiita, siyo zote ni helmeti. Ile ya fundi ujenzi ni ya tofali linaloanguka, siyo ya lami inayokuja. Tafuta yenye alama ya ubora ndani au nyuma, kama ile herufi E iliyozungushiwa duara yenye namba pembeni. Inayofunika uso mzima ndiyo bora, maana taya nalo ni lako.

Ivae dukani, usione haya. Ibane mashavu kidogo. Tikisa kichwa: ikicheza, ni kubwa. Funga kamba, vidole viwili vipite chini ya kidevu, siyo mkono mzima. Jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni: ikitoka wakati kamba imefungwa, irudishe kabatini kwa mwenye duka. Na kamba ifungwe kila safari. Kofia isiyofungwa huwa ya kwanza kuruka. Ikishaanguka kwenye ajali moja, imemaliza kazi yake hata kama kwa nje inang'aa. Itupe, usimpe shemeji.

Ukipanda ya kukodi

Chagua dereva kama unavyochagua kinyozi. Uwe na wawili watatu unaowajua kwenye kijiwe chako, namba zao unazo. Uliza kofia kabla ya kuuliza bei. Akikimbiza, usikae kimya kwa heshima. "Kaka, taratibu, sina haraka, nina mtoto nyumbani" inatosha, na wengi watapunguza. Kumbuka na yeye ana hesabu ya bosi ya kupeleka jioni, ndiyo maana anakimbia. Asipopunguza, mwambie asimamishe, mlipe alipokufikisha, shuka.

Na mtoto?

Swali gumu kuliko yote. Familia nyingi changa, mtoto akizaliwa, anapachikwa katikati ya baba na mama, au anakalishwa mbele juu ya tangi. Nitasema wazi ingawa najua itawaudhi baadhi yenu: mtoto mchanga hana kofia inayomtosha, na shingo yake haiwezi kuibeba. Miguu ya mtoto mdogo haifiki kwenye vikanyagio. Mbele ya tangi, yeye ndiye anayetangulia kugonga. Siku ya kliniki pandeni bajaji. Kama haipo, panda daladala na baba afuate na pikipiki yake. Ni usumbufu, najua. Na wajawazito wenzangu, ongeeni na mkunga mapema kuhusu kupanda pikipiki, msingoje tumbo liwe kubwa.

Kabla hamjanunua

Wapenzi, pikipiki ni uamuzi wa wawili, kama kiwanja. Kaeni chini na kalamu. Bei ya chombo siyo bei ya pikipiki. Ongezeni leseni ya daraja A, na mafunzo ya kweli (VETA wana chuo hapa hapa Mtwara), siyo yale ya kufundishwa na binamu Jumapili moja uwanjani. Ongezeni bima, na muulize inalipa nini. Bima ndogo inamlinda mtu mwingine utakayemgonga. Haitengenezi pikipiki yako wala mguu wako. Ongezeni kofia mbili, kwenye bajeti ile ile ya kwanza. Mkisema "ya pili tutanunua mwezi ujao", mwezi ujao utakuwa na ada, utakuwa na msiba, utakuwa na mchango wa harusi.

Mume wangu anapenda kuwasimulia watu kwamba tulipochumbiana nilimwambia, "Mahari utaongea na baba, kofia utaongea na mimi." Wanacheka. Lakini aliileta.

Ikitokea

Ukikuta ajali, au ikawa yako: linda eneo kwanza, matawi na taa ya tahadhari, ili lori lisiwakute hapo. Piga 112. Majeruhi asinyanyuliwe kama gunia, wala asikalishwe apewe maji. Kofia yake usiivute kama anapumua vizuri, maana shingo inaweza kuwa imeumia. Fungua kioo apate hewa, mwache mwenye ujuzi aivue. Damu ibane kwa kitambaa safi, usiachie. Hospitali wataulizia fomu ya polisi, PF3. Mmoja aifuatilie wakati mwingine yuko na mgonjwa, matibabu ya dharura yasingoje karatasi. Na baada ya kuanguka, hata kama mtu anasema yuko poa, akianza kutapika, kusinzia ovyo au kuchanganya maneno usiku, mrudisheni hospitali usiku huo huo.

Kazi ya mwisho wa mwezi

Mshahara ukiingia, kabla ya nyama choma, nendeni dukani pamoja. Vichwa vyote viwili viende, maana saizi hainunuliwi kwa simu. Wewe uliye nyuma, usisubiri kununuliwa: kama una mshahara wako, kinunulie kichwa chako. Na wewe uliye mbele, anzisha sheria ndogo ya nyumbani: injini haiwashwi mpaka kamba mbili zimelia "klik".

Mkishafanya hivyo, rudini barabarani saa kumi na moja na nusu mpite mbele yangu. Soda zenu nitakuwa nazo.